Anti, dokta kaandika dawa hata sijamaliza kueleza

Wapendwa habari zenu, na shikamooni kwa walionizidi umri. Toleo lililopita niliwaomba mniandikie mnavyoongea na madokta mkienda hospitali, nikajua zitakuja meseji chache za kulalamikia foleni basi. Kumbe! Zimeingia mpaka simu ikajaa, kuanzia Pasua mpaka Ngaramtoni. Za foleni na za lugha chafu dirishani nimeziweka pembeni kwanza, siyo kwamba hazina maana, ila leo nataka tukae kwenye zile dakika chache ukishaingia chumbani mlango ukafungwa, maana hapo kuna mambo yako mkononi mwako kabisa na wengi mnayaacha yapite. Mimi nimekuwa nesi wa OPD, yaani upande wa wagonjwa wa nje, miaka mingi kabla ya kustaafu, nimesimama pembeni ya meza hizo, nimeona.

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Boma Ng'ombe. Tangu mwezi wa tatu nina homa inakuja inaondoka, usiku natoka jasho shuka linalowa, mgongo na magoti yanauma kama nimelima. Nilienda zahanati wakasema malaria nikameza mseto, ikatulia kidogo ikarudi. Nikaenda kwingine wakasema taifodi nikapigwa sindano. Juzi nimeenda tena, dokta kaandika dawa hata sijamaliza kueleza. Majirani wanasema nimetupiwa kitu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Hujatupiwa kitu. Ila nina swali ambalo jibu lake sijaliona kwenye meseji yako yote: unafuga? Mbuzi, kondoo, ng'ombe hata mmoja wa zero grazing nyuma ya nyumba? Mbuzi akizaa usiku nani anamsaidia, nani anatoa kondo la nyuma kwa mikono? Maziwa mnachemsha au kuna ya kugandisha mnakunywa hivyo hivyo?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu jambo hili lina historia. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa hospitali za KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi. Madokta walihisi malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuja kukutwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne tu! Na kati ya wale waliopimwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, zaidi kidogo ya robo walikutwa nayo, kuna bruselosi, kuna homa ya Q, kuna leptospira ambayo ndiyo ile watu walikuja kuifahamu 2022 kule Lindi kwa jina la homa ya Mgunda. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo karibu kila zahanati kwa hiyo mambo yamebadilika kiasi, lakini ile tabia ya homa kuwa ni malaria, na ikikataa kuwa malaria basi ni taifodi, bado ipo sana tu.

Sasa dokta hana namna ya kujua kwamba jana ulikuwa unamzalisha mbuzi. Ukiingia umevaa kitenge kizuri na kiatu umeosha, kwake wewe ni mama mwenye homa, na ana wenzako kibao nje. Hiyo habari ya mbuzi ipo kwako peke yako, na usipoitoa hakuna mashine itakayoitoa. Bruselosi inafanana sana na hayo unayoeleza, homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, mgongo na viungo, uchovu, na dawa zake zinaliwa wiki nyingi, kawaida sita, dawa zaidi ya aina moja. Mseto hauigusi. Sisemi unayo, mimi siyo maabara. TB nayo inatoa jasho la usiku, na VVU lazima ipimwe ili ijulikane, kwa hiyo usiende na jibu mfukoni, nenda na habari kamili.

Ukiingia safari hii kaa, salimia, halafu anza hivi: "Dokta, nina homa tangu mwezi wa tatu, nimeshatibiwa malaria na taifodi haijaisha, na ninafuga mbuzi." Sentensi moja. Mengine yafuate. Toa karatasi zako za vipimo vya huko ulikopita uziweke mezani, na kama hukupewa, rudi uziombe kwa sababu majibu ni yako. Uliza ile malaria ilionekana kwenye kipimo au ilihisiwa tu. Na ile taifodi, kama ilikuwa Widal, yaani kile kipimo cha damu cha kuambiwa namba moja kwa 80, moja kwa 160, kipimo hicho kikifanywa mara moja peke yake hakiaminiki sana, unaweza kuonekana nayo kumbe huna. Akitaka kuandika dawa bado unaongea, sema tu kwa upole, "dokta samahani kuna kimoja kimebaki". Sijawahi kuona dokta akimfukuza mtu kwa hilo. Kununa, nimeona.

*Anti habari. Mimi naishi Njiro ila bi mkubwa wangu yuko Old Moshi, namfuata kila mwezi nampeleka kliniki ya presha. Kiswahili chake siyo kizuri, lugha yake Kichaga, kwa hiyo kwa dokta naongea mimi. Presha haishuki, mara ya mwisho 170 kwa 100, dokta ameshaongeza dawa mara mbili. Sasa mama amegoma, anasema hataki kwenda tena, nimlazimishe?*

Usimlazimishe, na hongera kwa kumfuata mzazi kila mwezi, wengi wenu mnatuma hela ya bodaboda tu mnajiona mmemaliza.

Ila hebu jiulize, huyo mama hayo madawa anayameza saa ngapi? Unajua kweli au unajua alichokuambia? Unakaa Njiro, yeye yuko mlimani. Ulichokuwa unamweleza dokta ni unavyofikiri mambo yanaenda, na dokta kaongeza dozi kwa kutegemea hiyo. Kuna bibi mmoja alikuja kliniki kwetu, mjukuu wake kamjibia kila kitu vizuri mno, anakula dawa zote, hakosi. Bibi kanyamaza. Nikamwomba kimfuko chake akamwaga mezani: vidonge vya presha vya miezi miwili vimejaa, pakti ya diklopa imebaki vidonge viwili, na bahasha ya dawa ya jirani yake haina jina wala nini, imeandikwa tu 1x2 kwa peni ya bluu. Kumbe ya presha alikuwa anakula siku kichwa kikiuma. Kichwa kisipouma si amepona? Na hiyo diklopa ya magoti alikuwa anaila kila siku, na hizo dawa za maumivu za kundi la diklofenaki zinapandisha presha na zinaumiza figo, zaidi kwa mzee anayetumia na dawa za presha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magoti kwa sababu walikuja kwa ajili ya presha.

Kwa hiyo mwezi huu kabla hamjatoka nyumbani kusanya kila anachokitia mdomoni, cha hospitali, cha duka la dawa, cha mama fulani kanisani, majani, unga wa kwenye chupa ya chai, vyote kwenye mfuko mmoja, mkaviweke mbele ya dokta. Halafu mwache aongee mwenyewe kwanza, wewe tafsiri alichosema kama alivyosema. Akisema "nikila kile cha njano nakojoa usiku kucha" usimgeuzie ukasema "mama analalamika kidogo na dawa", sema alivyosema, maana huo mkojo wa usiku ndio huenda umemfanya aache dawa, na dokta akijua atamwambia aile asubuhi na kazi imeisha. Kama kuna nesi anayejua Kichaga cha kwenu mwombe, ila hakikisha ni cha kwenu kweli, maana Mrombo na Mmachame wakikutana wanahamia Kiswahili wote wawili.

Lingine ni upimaji. Mmetoka Old Moshi kwenye Hiace mmebanana, mmepanda ngazi, bi mkubwa anafika anahema anafungwa kile kitambaa hapo hapo huku anaulizwa jina la baba yake. Hiyo namba itakuwa juu hata kwa kijana. Inatakiwa akae kama dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono umelala juu ya meza, bila kuongea, na kahawa awe hajanywa ndani ya nusu saa. Mnaruhusiwa kabisa kusema "nesi tunaomba apumzike kwanza ndio apimwe, au apimwe mara ya pili". Na muulize dokta, mama presha yake tunataka iwe ngapi? Kwa wengi ni chini ya 140 kwa 90, ila kwa mzee anaweza kukupa namba yake tofauti.

Mkimaliza usikubali kutoka mpaka bi mkubwa mwenyewe, siyo wewe, arudie dawa ipi asubuhi ipi jioni. Watafiti wa kumbukumbu wanasema asilimia 40 hadi 80 ya tunachoambiwa na dokta tunakisahau papo hapo, na hao ni watu walioambiwa kwa lugha yao. Kuhusu kugoma, muulize akiwa jikoni kwake mko wawili, siyo mbele ya wifi zako. Inawezekana amechoka tu kukaa pale anaongelewa yeye yupo.

*Anti mambo. Mimi chalii wa Kijenge. Hayo ya kuuliza maswali ni mambo ya wazungu, huku dokta ana watu sitini nje, ukiuliza unaonekana mjuaji. Mi naingia, nasema naumwa tumbo, napewa dawa, natoka. Kuna faida gani ya kujifanya msomi?*

Poa chalii. Hao wazungu unaowasema wana shida yako hiyo hiyo. Marekani mwaka 1984 walirekodi wagonjwa wakiongea na madokta wao, wakakuta kwa wastani dokta anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Mwaka 2018 wakapima tena kwa namna yao, ikawa sekunde 11. Na Uswisi wakajaribu kinyume chake, madokta wakaambiwa kaeni kimya mgonjwa amalize mwenyewe, wengi walidhani wataongelewa mpaka jioni, kumbe wastani ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu hivi. Kwa hiyo hicho unachoogopa kumpotezea dokta muda ni muda wa kuvuka barabara pale Clock Tower.

Faida sasa. Umesema tumbo, basi nikupe ya tumbo. Mwaka 1985 akina Greenfield, Kaplan na Ware kule kule Marekani walichukua wagonjwa wa vidonda vya tumbo, kundi moja wakakaa nao dakika 20 kabla ya kumwona dokta, wakapitia nao faili lao, wakawaonyesha hapa dokta ataamua hiki au kile, wewe utauliza nini, wakawafanyisha mazoezi ya kuuliza. Kundi la pili wakapewa maelezo ya kawaida. Walioandaliwa walipata habari nyingi zaidi kutoka kwa dokta, na wiki sita hadi nane baadaye ugonjwa ulikuwa unawazuia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao kwenye kazi na shughuli zao. Na wa sukari nao mwaka 1988 wakafanyiwa hivyo hivyo, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita kikashuka kwa wastani kutoka asilimia 10.6 mpaka 9.1, wenzao hakikushuka. Hawakubadilishiwa dokta. Kinachonifurahisha kwenye ile ya vidonda ni kwamba ukiwauliza wameridhika na huduma, makundi yote mawili yalisema ndiyo sawa sawa! Kwa hiyo chalii na wewe unaweza kuwa unatoka umeridhika huku tumbo liko pale pale.

Nisikudanganye lakini, kuna utafiti wa Uingereza wa 1998 madokta na manesi walifundishwa kumsikiliza mgonjwa wa sukari vizuri zaidi, wagonjwa wakafurahi mno, wakasema tunaelewana sana, ila sukari haikupungua kuliko wenzao na uzito ukawa juu zaidi. Kupiga stori nzuri na dokta peke yake haitoshi, lazima mazungumzo yafike kwenye ugonjwa wenyewe. Kwako wewe yafike hapa: umepimwa wale bakteria wa tumbo, H. pylori? Ukiwa unakula omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kipimo cha choo kinaweza kusema huna kumbe unao, inabidi uiache wiki mbili kabla ya kupima, na kama umekula antibaiotiki ungoje wiki nne, lakini usiache kitu kimya kimya, muulize dokta kwanza. Na mwambie dawa za maumivu unazokula na pombe unayokunywa, idadi ya kweli. Nawajua wa Kijenge.

*Anti mimi nikiingia nasema kichwa kinauma, halafu nikiwa nimeshika kitasa ndio nasema lile lililonileta, la sehemu za siri. Nafanyaje aibu iishe? Dada wa Sakina.*

Aibu haitaisha, achana nayo, panga tu mstari. Unaweza kuliandika kwenye simu ukampa dokta asome. Au ukiwa kwa nesi pale nje sema, "naomba niongee na daktari wa kike kama yupo". Na ukiingia lianze hilo, kichwa kije baadaye kama bado kinauma. Dokta hawezi kubahatisha kwamba kubwa limebaki mlangoni, na anapokusikia umeshika kitasa keshaita namba nyingine.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Kibosho nina sukari. Kidonge kimoja nilichoandikiwa bima haikitoi, kwa hiyo nakula siku moja naacha siku moja ili kifike mwisho wa mwezi. Pia natumia dawa ya majani, kijana wangu amenikataza nisimwambie daktari kwa sababu atanifokea. Nifiche?*

Shikamoo baba. Usifiche baba yangu, hata kidogo, yote mawili.

La majani kwanza. Wengi wetu tunakumbuka 2011 magari yalivyopanga foleni kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, na wapo waliorudi wakaweka dawa zao za sukari na za VVU kabatini, wengine ndio hatukuwaona tena kliniki. Lakini nikwambie ukweli, yapo majani yanayoshusha sukari kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, ukiyachanganya na vidonge sukari inaanguka kupita kiasi, mzee anatetemeka, anatoka jasho, anaanguka shambani. Dokta akiona sukari yako mara iko juu mara iko chini na hajui habari ya majani, atacheza na dozi gizani. Atafoka? Labda. Kufoka kunaisha baba. Yabebe mkayaone wote.

Na hilo la kuruka siku, sema kwa sauti: "Daktari, hiki nanunua mwenyewe na sikimudu, nakula siku moja naacha moja." Hiyo siyo aibu, hicho ni kipimo kama vipimo vingine. Asipojua ataona sukari haishuki aseme dawa imeshindwa, akupandishe kwenye kitu cha bei kubwa zaidi, na huko nako utaruka. Akijua, mara nyingi iko dawa ya kazi hiyo hiyo yenye jina la kawaida, ya bei ndogo, au iliyomo kwenye orodha ya bima. Uliza hivi hivi, "ipo inayofanya kazi hii kwa bei ninayoweza?" Na uulize mle ndani kabla hujafika dirisha la dawa, kwa sababu yule wa dirishani hawezi kukubadilishia aina ya dawa bila kurudishwa kwa daktari na wewe miguu yako inauma. Msamehe na kijana wako, amekutakia amani tu.

*Anti nimeambiwa nina fibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, nifanyiwe opareshen, nimepewa fomu nisaini, siielewi. Ni lazima nisaini siku hiyo hiyo?*

Kama siyo dharura, hapana. Hiyo fomu inasema umeelezwa ukaelewa, sasa kama hujaelewa unasaini nini? Muulize dokta mambo haya ukiwa na mumeo au dada yako pembeni: unatoa uvimbe peke yake au na kizazi, kuna njia nyingine kwa uvimbe wa ukubwa wangu, nisipofanya sasa hivi itakuwaje, na nitaweza kubeba mimba baadaye. Fibroidi nyingine hazihitaji kisu kabisa, nyingine zinakumalizia damu na kungoja ni kujiumiza, na ni yeye mwenye picha ya ultrasaundi anayeweza kukuambia yako ni ipi. Mwombe akuchoree. Wengi wanachora vizuri, nyuma ya hiyo hiyo fomu.